Nasimama nje ya geti langu, miguu haitaki kuingia

SWALI

Washauri, habari za kazi.

Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 9, yuko darasa la nne. Wa pili ana miaka 6, darasa la kwanza. Mdogo ana mwaka na miezi minne, bado ananyonya. Tunaishi Kibamba, nafanya kazi Posta. Mume wangu alihamishiwa Dodoma mwaka jana, anakuja kila mwisho wa mwezi.

Naamka saa 10 alfajiri kwa sababu basi la shule linapita saa 11:15. Narudi nyumbani saa 1:30 usiku. Dada wa kazi wa nne ndani ya mwaka mmoja aliondoka miezi miwili iliyopita, kwa hiyo mdogo namwacha kwa mama jirani anayelea watoto, na wakubwa wakishuka kwenye basi wanafikia hapohapo. Usiku ni kupika, homuweki zinazotumwa kwenye grupu la WhatsApp, kufua soksi nyeupe, kupiga pasi. Nalala saa 6, na mdogo ananiamsha mara mbili kunyonya.

Kinachoniogopesha ni hiki. Karibu na kwetu kuna duka la Mangi. Nikishuka kwenye gari nasimama pale dakika ishirini nzima, najifanya nachagua vocha, huku namsikia mwanangu analia kwa jirani. Sitaki kwenda kumchukua, wala sitaki kuingia kwangu. Wiki iliyopita wa miaka 6 alimwaga maziwa mezani, nikamzaba kofi akadondoka kwenye stuli. Sikuhisi kitu. Nikachukua tambara nikafuta maziwa. Na mimi ndiye niliyekuwa nawatungia nyimbo za kuoga hawa watoto. Nikipita Stendi ya Magufuli pale Mbezi nasoma vibao vya mabasi, Singida, Arusha, Mbeya, halafu nahesabu pesa iliyomo kwenye pochi. Kazini nacheka na wenzangu vizuri kabisa.

Mama mkwe anasema wao walilea saba bila dada wala friji. Je, nimekuwa mama mbaya, au naumwa?

Mama wa Watatu, Kibamba

JIBU

Pole sana, dada yetu. Tuanzie kwenye swali lako la mwisho. Hali uliyoieleza inafahamika na imechunguzwa vya kutosha, nayo huitwa uchovu wa malezi. Usiichanganye na uchovu wa mtu aliyefanya kazi nyingi akalala Jumamosi hadi saa 3 asubuhi, akaamka yuko sawa. Huu wako haumalizwi na Jumamosi moja.

Wanasaikolojia wawili wa chuo kikuu cha UCLouvain cha Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, walitoa mwaka 2018 pamoja na wenzao dodoso la maswali 23 la kuupima. Maswali hayo yanatafuta mambo manne, na barua yako imeyataja yote bila kuulizwa. Kuna kuishiwa nguvu katika kazi ya uzazi yenyewe. Kuna kukinai, yaani mzazi kufika mahali hataki hata kuwaona watoto. Hapo ndipo geti lako linapoingia. Kuna kujitenga kihisia: unalisha, unaogesha, unavalisha, lakini moyo haupo, na ndiyo maana ulifuta maziwa kwanza kabla ya kumwinua mtoto. Halafu kuna ule uchungu wa kujilinganisha na mama uliyekuwa zamani, yule wa nyimbo za kuoga. Mzazi ambaye hakuwahi kujali hana cha kujilinganisha nacho, kwa hiyo hilo la nne peke yake linajibu nusu ya swali lako.

Umesema kazini unacheka. Hilo nalo ni la maana, kwa sababu linasaidia kutofautisha hali hii na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Sonona humfuata mtu kila mahali: kazini, kanisani au msikitini, hata kwenye harusi ya mdogo wake. Uchovu wa malezi, angalau mwanzoni, unakaa nyumbani na watoto tu. Lakini ukiachwa muda mrefu unaweza kufika hadi huko, kwa hiyo tutalirudia.

Umefikaje hapa? Watafiti hao wanaeleza chanzo kwa mfano wa mizani. Upande mmoja kuna vinavyolemea: usingizi mdogo, safari ndefu, mwenza aliye mbali, mtoto anayenyonya usiku, na jambo ambalo wazazi wengi hawalihesabu, kutaka kila kitu kiwe kamili. Upande wa pili kuna vinavyobeba: mtu wa kukupokea, mwenza anayeshika kazi yake hadi mwisho, muda wako mwenyewe, pesa ya kulipa msaada. Mzani ukiinamia upande mmoja wiki moja, mwili unavumilia. Ukiinama mwaka mzima bila kurudi, ndipo mtu anapokatika. Kwa hiyo idadi ya watoto peke yake haisemi mengi. Kuna wa mtoto mmoja aliyefika hapo ulipo, na kuna wa watano ambaye hajafika.

Na hapo ndipo hesabu ya mama mkwe inapokosea, kwa heshima zote. Alilea saba, sawa. Lakini hakulea peke yake. Kulikuwa na wifi, kulikuwa na bibi barazani, mtoto wa nne alibebwa mgongoni na mtoto wa kwanza, na mtoto aliyelia kwa jirani alinyamazishwa na jirani bila mtu kutumiwa ujumbe. Hakuna basi la shule lililopiga honi saa 11:15 alfajiri, wala mwalimu aliyetuma picha za kurasa nne za homuweki saa 2 usiku. Utafiti uliofanywa katika nchi 42, ukahusisha wazazi zaidi ya 17,000 na kuchapishwa mwaka 2021, ulikuta uchovu huu umekithiri zaidi kwenye jamii ambako kila familia inajitegemea kivyake. Kibamba iko Tanzania, lakini nyumba yenye geti, mama mmoja na watoto watatu inaendeshwa kama ya Ulaya, isipokuwa haina mashine ya kufulia. Mama mkwe akirudia maneno yale, usibishane. Muulize: "Mama, jioni nani alikuwa anakushikia mtoto?" Akishataja majina, mwombe aje akae wiki tatu.

Mwenendo wake kwa wengi uko hivi. Uchovu hutangulia, na mzazi huujibu kwa kujikaza zaidi, kwa sababu anaona akilegea watoto wataumia. Nguvu zikizidi kwisha, mwili unaanza kubana matumizi, na kitu cha kwanza kinachokatwa ni hisia, maana ndizo zinazokula nguvu nyingi. Hapo unabaki na ratiba tupu. Kisha raha ya kuwa mzazi inatoweka, na mwishoni yanakuja mambo mawili unayoyaona aibu kuyasema: kofi, na mawazo ya kupanda basi. Ndiyo maana tunasema uchovu huu unapaswa kutibiwa mapema. Kuhesabu nauli ya Singida ni dalili iliyozoeleka kwa wazazi wa hali hii, na haina maana kwamba huwapendi wanao.

Mwilini pia upo. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi na huhifadhi homoni ya msongo iitwayo kotisoli, kwa hiyo sentimita tatu za karibu na ngozi ya kichwa ni kumbukumbu ya miezi mitatu. Watafiti wa Louvain walipopima nywele za wazazi wenye uchovu huu walikuta kotisoli iko juu kuliko kwa wazazi wengine. Baada ya wiki nane za vikao vya kikundi, ilishuka. Mtu akikwambia ni maneno ya mjini, mwache na maneno yake.

Sasa tufanye nini. Ushauri utakaousikia kila mahali ni "jipumzishe, nenda saluni". Tunaukataa. Saluni inakurudisha kwenye mzani uleule saa 12 jioni, safari hii nywele zako zikiwa nzuri. Kitu cha kwanza ni kupunguza kilichopo upande mzito.

Kabla ya hapo, usalama. Ukihisi mkono unataka kunyanyuka, mdogo mweke chini kwenye mkeka mbali na jiko na ndoo ya maji, toka nje ya mlango, kaa dakika tano. Mtoto anayelia akiwa mahali salama hadhuriki kwa dakika tano. Usimshike mabegani na kumtikisa hata mara moja, kwani ubongo wa mtoto mdogo unaweza kuvuja damu kwa kutikiswa tu. Na angalia saa ya matukio yako: tunakisia mengi yanatokea kati ya saa 1:30 na saa 2:30 usiku, wakati wewe mara ya mwisho umekula mchana na watoto nao wana njaa. Kwa hiyo zile dakika ishirini za kwa Mangi usizione aibu tena. Zifanye ziwe kumi na tano, agiza mayai mawili ya kuchemsha au maziwa mgando na ndizi, kula umekaa, kisha ndipo umfuate mtoto. Ulikuwa unajiponya bila kujua, ila ulikuwa unafanya hivyo umesimama na njaa.

Pili ni usingizi. Kutoka saa 6 hadi saa 10 ni saa nne, na zimekatwa mara mbili. Hakuna ushauri utakaofanya kazi juu ya kichwa cha namna hiyo. Mtoto wa miezi 16 anayekula vizuri na kuongezeka uzito anaweza kuacha kunyonya usiku na kuendelea kunyonya mchana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza anyonye hadi miaka miwili au zaidi, na hapo hujavunja kitu. Fanya hivyo baba akiwepo. Mwombe achukue ruhusa ya Jumatatu na Jumanne ili mpate usiku nne, kuanzia Ijumaa. Mtoto ashibe chakula cha jioni, anyonye saa 2 usiku, halafu alale na baba. Wewe lala chumba cha wakubwa, mlango umefungwa, kwa sababu akisikia harufu ya maziwa yako hawezi kukubali maji. Akiamka, baba ampe maji kwenye kikombe, ampapase mgongo, asimtoe chumbani. Usiku wa kwanza na wa pili ni wa kelele, kubalianeni mapema kwamba hutakuja. Kosa tunaloliona kila mara ni mama kuingia saa 9 kwa huruma: mtoto anajifunza kwamba akilia saa moja zima, titi linakuja, na kesho yake atalia saa moja zima. Akiamka saa 11 alfajiri mnyonyeshe kama kawaida. Matiti yakijaa kamua kidogo tu upunguze maumivu, usiyamalize. Ila kama ana homa au anaharisha, ahirisheni.

Tatu, hizo saa nne na nusu kati ya kuingia kwako na kulala. Lengo ni kitanda saa 4 usiku, yaani tunatafuta saa mbili za kufuta. Nunua soksi jozi tano kwa kila mtoto, zifuliwe zote Jumamosi kwenye beseni moja. Pasi ibaki ya Jumapili peke yake. Sare zilizokunjwa vizuri zikiwa na unyevu kidogo hazimtii mtoto aibu. Mlipe mama jirani kiasi cha ziada amwogeshe na kumlisha mdogo kabla hujafika, na hii ndiyo shilingi yenye faida kuliko zote utakazotoa. Maharage loweka kilo moja na nusu Ijumaa usiku, chemsha Jumamosi. Utapata kama kilo tatu na nusu, gawa kwenye makopo matano, mawili weka friji kwa Jumapili na Jumatatu, matatu yaende friza. Siku ya kazi unabaki na kuunga tu, dakika kumi na tano. Homuweki ya darasa la kwanza iwe dakika 15, ya darasa la nne dakika 30. Muda ukiisha daftari lifungwe, mwandikie mwalimu mstari mmoja: "Tumefika swali la nne, muda umeisha." Darasa la nne lina mtihani wa taifa, tunajua, lakini mtoto aliyelala anajibu vizuri kuliko aliyefundishwa kwa ukali hadi saa 4.

Wa miaka 9 anaweza kupanga begi lake na kuosha vikombe. Usimfanye mama wa pili.

Sasa mume. Umeandika kwamba anakuja kila mwisho wa mwezi, na hukuandika neno jingine juu yake. Huenda mmekubaliana bila kusema kwamba aliye mbali anatuma pesa, aliye karibu anabeba yaliyobaki. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku 3, na nyumba nyingi zinaendelea na uwiano huohuo mpaka mtoto anamaliza shule. Kuna kazi ambazo Dodoma haizuii. Magrupu ya WhatsApp ya shule yahamie kwenye simu yake, wewe utoke kabisa. Luku inanunuliwa kwa namba ya mita kutoka popote. Ada, dereva wa basi la shule, kuagiza gesi, vyote vinafanyika kwa simu. Hizo dakika 30 za darasa la nne azisimamie yeye kwa simu ya video saa 2 usiku. Angalia lakini: unapomkabidhi, mkabidhi mpaka mwisho. Ukibaki wewe wa kumkumbusha, kazi bado ni yako, umeongeza tu mtu wa kumkumbusha. Akisahau Luku siku moja mkakaa gizani, kaeni gizani, na umpigie simu yeye. Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, safari haifiki saa nne. Kuja kila wiki mbili kunazungumzika.

Mwambie kwa maneno ya wazi, bila lawama na bila mafumbo, mchana na si usiku wa ugomvi: "Nimefika mahali nimempiga mtoto akaanguka na sikuhisi kitu. Nataka tugawane kazi hizi sita, chagua tatu." Wanaume wengi hawasikii "nimechoka". Wameizoea.

Kuhusu dada wa kazi, wanne kwa mwaka mmoja ni ishara. Mara nyingi anayeondoka naye amechoka uchovu uleule: analala na mtoto, anaamka saa 10, hana siku ya kupumzika. Kabla ya kuleta wa tano, hakikisha ni mtu mzima, mwenye siku moja kamili kwa wiki ya kutoka na kitanda chake mbali na mtoto. Ukichukua binti mdogo utakuwa na watoto wanne. Kama bajeti hairuhusu, dada wa kuja kufua na kudeki mara mbili kwa wiki anatosha kwa sasa.

Likizo yako ya mwaka, siku 28, usiipeleke yote kijijini Desemba. Kupikia ukoo si mapumziko. Zungumza na mwajiri akupe siku chache shule zikiwa zimefunguliwa, ulale mchana nyumba ikiwa tupu. Na kwa kuwa unanyonyesha, sheria hiyohiyo inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mtoto akiwa Kibamba na wewe Posta, omba kwa maandishi zitumike kutoka mapema. Ukiingia saa 12 badala ya saa 1:30, jioni yako inakuwa nyingine kabisa.

Nenda pia kituo cha afya upimwe wingi wa damu, tezi ya shingoni, na mimba. Mama anayenyonyesha na kulala saa nne akipungukiwa damu hujilaumu kwa uvivu miezi mingi kabla mtu hajamtoa tone moja la damu. Ukiona huzuni imekufuata hadi kazini kwa wiki mbili, chakula hakipiti, au wazo la basi limegeuka kuwa wazo la kufa au la kuwadhuru watoto, usisubiri zamu ya mume: siku hiyohiyo nenda hospitali, uwaachie watoto jirani, useme neno hilohilo. Muhimbili na hospitali za mikoa zina wataalamu wa afya ya akili. Kwa jambo lolote la usalama wa mtoto, namba 116 ni bure na hupokea wazazi pia, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ni kazi yake kukusikiliza.

Kama una kikoba au jumuiya, tafuta humo kina mama wanne au watano mkae saa mbili kila wiki kwa wiki nane, watoto wakiwa kwa mtu mwingine. Ubelgiji walilinganisha vikundi vilivyofundishwa mbinu na vikundi ambako wazazi walisikilizwa tu kwa utulivu, na aina zote mbili zilisaidia. Kanuni iwe moja: asiyeulizwa asishauri.

Usitegemee mapenzi yatangulie kurudi. Kwanza utalala, na huenda wiki ya kwanza ukalia ovyo. Kisha hasira itapungua makali. Ladha ya watoto hurudi nyuma kabisa, tena kwa vipande: utajikuta umecheka kwa jambo alilosema mdogo, halafu siku tatu hakuna kitu.

Yule wa miaka 6 usimsubirishe hadi hapo. Leo jioni, ukishakula mayai yako, chuchumaa ulingane naye kimo, umwambie: "Siku ile ya maziwa nilikupiga. Nilikosea. Maziwa kumwagika si kosa kubwa, mama alikuwa amechoka, na kuchoka kwangu si kosa lako." Akikuuliza kama utampiga tena, usimwahidi makubwa. Mwambie ukihisi hasira utatoka nje ya mlango dakika tano, na utarudi.